Namkalishaje kitako mtu mzima ambaye kazi yake imelegea?

BintiKisauni: Salaam aleikum wanajamvi. Nasimamia ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Kuna mwenzetu mmoja, mtu mzima, sote twamwita Ami, na ndiye aliyenifunza kazi hii. Tangu Ramadhani makaratasi yake yarudishwa: namba ya kontena imekosewa, au thamani ya mzigo hailingani na ankara. Muda wa bure ukipita, kontena likilala bandarini mteja analipa kila siku, kisha anapiga simu kwangu. Bosi anataka niseme naye wiki hii. Naogopa kumvunjia heshima, na kunyamaza pia siwezi. Nianzie wapi?

MtuWaLikoni: Dada, anza na faili. Ukimwambia "kazi yako imezorota" mtavutana bure. Mwekee mezani faili zenye makosa, tarehe zake, na mteja alilipa ngapi. Weka na zile alizofanya vizuri, ajue hukuja kumwinda. Kisha muulize, "Ami, hapa palitokea nini?" na umwache amalize, hata akinyamaza kitambo. Huenda ana mgonjwa nyumbani. Huenda ni macho. Huenda mfumo wa forodha wa kompyuta ulipobadilika hakuna aliyekaa naye kumwonyesha, na kwa umri wake ataona haya kuuliza watoto. Hapo kumkemea hakutasaidia kitu.

Wakili_Pwani: Muulize bosi kwanza: kikao ni cha kumsaidia, au ameshaamua kumtoa? Kama ameshaamua, usikubali kuwa mdomo wake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya utendaji mbovu, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na asikilizwe. Mahakama ikiona ameonewa, fidia yaweza kufika mishahara ya miezi 12. Kwa hivyo andika mliyokubaliana, naye abaki na nakala.

BintiKisauni: Ahsanteni sana. La macho sikuliwaza kabisa, na kweli siku hizi namwona akisoma karatasi dirishani. Bosi asema cha kusaidia, ila ataka kuwepo.

MtuWaLikoni: Kikao cha kwanza asiwepo. Mbele ya bosi Ami ataitikia "sawa, sawa" na hutajua lolote. Kaeni asubuhi, vijana hawajafika, mlango ufungwe. Na kabla hamjainuka, pangeni siku ya kuzipitia faili mpya pamoja.