Kamera itulie au itikisike ndani ya chombo cha anga? Naombeni ushauri wakuu

Taa Moja (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili, ila leo nimebanwa kweli.

Kuna filamu fupi ya kisayansi, dakika 12, yote inatokea mahali pamoja: ndani ya chombo cha anga kilichopoteza mawasiliano. Wahusika wawili tu, mwanamke fundi wa injini na mwanamume rubani. Hewa inapungua, wanagombana, halafu inatokea jambo ambalo sitalisema nisiwaharibie. Seti ni maboksi, mabati mepesi na matumbo ya kompyuta mbovu, vyote vimepakwa rangi ya kijivu. Kwa jicho inapendeza sana.

Swali langu dogo tu. Kwa stori ya namna hii kamera ishikwe mkononi itikisike, au ikae kwenye tripodi itulie? Wiki ya tatu sasa usingizi umenihama.

Kaa Kando
Nimeweka kambi hapa, ngoja waje wajuvi.

Shata Mia
Itulie. Huko anga za juu hakuna barabara ya mashimo. Mwongozaji Kubrick, kwa filamu yake ya anga ya 1968, 2001: A Space Odyssey, alijengewa gurudumu la kipenyo cha karibu mita 12, linazunguka zima zima na seti ndani yake. Mwigizaji anatembea pale chini, gurudumu linamzungukia, wewe mtazamaji unaona mtu anapanda ukutani. Ingekuwa kamera inacheza cheza usingeyaamini macho yako. Utulivu ndio unaoficha ujanja.

Na ile kalamu inayoelea? Kioo kikubwa, kalamu imebandikwa kwa gundi ya pande mbili, kioo kinazungushwa taratibu mbele ya kamera. Mhudumu anafika anaichomoa hewani. Basi. Miaka yote hii bado inaaminika kuliko vitu vingi vya kompyuta.

Taa Moja (mleta mada)
Ahsante mkuu Shata. Hiyo ya kioo hata sisi tumeifanya, ila tulitumia bisibisi badala ya kalamu. Imetoka safi mno.

Dada Zumu
Shata Mia anakupa nusu ya habari. Kuna shule nyingine kabisa. Tazama tamthilia za anga za miaka ya 2000 mwanzoni, Firefly ya 2002 na Battlestar Galactica iliyofufuliwa baadaye. Hata vyombo vilivyochorwa na kompyuta, visivyo na mpigapicha wala kamera, vilionyeshwa kana kwamba kuna mtu kashika kamera anavitafuta: kamera inachelewa, inavuta zumu kwa pupa, inapitiliza, inarudi, fokasi inakuja mwishoni. Ndiyo maana unaamini. Mtu anayerekodi tukio la kweli hajui litatokea upande gani.

Lakini sikiliza vizuri, kutafuta si kutetemeka. Mkono unaotafuta una sababu. Mkono unaotetemeka una baridi tu.

Halafu, samahani kaka, umeandika "tumeifanya". Kwani mmeshaanza kupiga?

Miguu Mitatu
Hewa imewaishia wahusika, kamera nayo imeishiwa miguu 😂

Taa Moja (mleta mada)
Dada Zumu, sikutaka kurefusha maelezo. Ndiyo, tumeshapiga. Kusema kweli tumeshamaliza, siku nne. Na karibu yote ni mkononi.

Ila msinielewe vibaya, ulikuwa uamuzi wa kisanaa. Wahusika wamechanganyikiwa, kwa hiyo kamera nayo inachanganyikiwa. Pia niliwasha tochi pembeni ya lenzi ili mwanga umwagike kwenye picha, kama mwongozaji J.J. Abrams alivyofanya kwenye Star Trek ya 2009. Kwa hiyo swali langu bado lipo palepale: mtindo huu unafaa au haufai?

Shata Mia
Huyo huyo Abrams baadaye aliomba radhi hadharani kwa kuzidisha hiyo miale. Tochi ulizizidisha?

Taa Moja (mleta mada)
Kiasi.

Mzee wa Projekta
Wanangu, mimi nimekaa kwenye chumba cha projekta miaka mingi, nimewaona watazamaji kwa nyuma kuliko nilivyoziona sinema zenyewe. Filamu ikitikisika unaona vichwa vinaanza kuinama. Mmoja, wawili, halafu mlango wa pembeni unafunguka. Cloverfield, filamu ya kamera ya kutikisika, ilipotoka 2008 kuna kumbi kule Marekani zilibandika matangazo mlangoni kuwaonya watu kuhusu kichefuchefu.

Nami sijifanyi mtakatifu. Harusi ya mdogo wangu nilishika kamera mwenyewe, nikasema nataka iwe na uhai. Nikacheza nayo muziki wote. Shemeji yangu mpaka leo hajaimaliza ile video, kila akiiweka analalamika kichwa kinamzunguka. Siku yenyewe na viatu vilikuwa vinanibana, lakini hiyo ni stori nyingine.

Nyota Kavu
Tatizo la vijana ni kuanza kazi bila mpango. Michoro ya shoti ilikuwa wapi? Unashika kamera kwanza halafu falsafa unaitafuta jukwaani? Mtu mzima anachora, anahesabu, anafanya mazoezi, ndipo anabonyeza.

Dada Zumu
Nyota Kavu, hayo hayamsaidii sasa hivi.

Taa Moja, nina swali moja, na ulijibu bila kuzunguka. Unasema "uamuzi wa kisanaa". Uamuzi wa nani? Mwongozaji ni wewe?

Kaa Kando
Dada Zumu ameuliza. Kimya.

Kaa Kando
Saa ya nne hii. Kimya.

Taa Moja (mleta mada)
Nilikuwa kazini jamani.

Hapana, mimi ni mpigapicha. Mwongozaji ndiye aliyeandika stori, na ndiye anayeigiza yule fundi wa injini. Yeye toka mwanzo alitaka kamera itulie. Alisema chombo hakina huruma, kinawatazama tu wanavyokwisha, kwa hiyo picha isiwe na huruma. Nilipoanza kushika mkononi aliuliza, nikamwambia hisia zitakuwa kali zaidi, na kama hatapenda nitaituliza kwenye kompyuta. Akakubali kwa sharti hilo. Yeye yuko mbele ya kamera muda wote, atakagua saa ngapi? Aliniamini.

Sasa nimejaribu ile programu ya kutuliza picha. Inakata kingo, nyuso zinabanana, na kuta za maboksi zinajikunja kama pazia. Anataka kuona kazi Jumapili.

Shata Mia
Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, uliweka ngapi?

Taa Moja (mleta mada)
Sehemu ya 50 ya sekunde, fremu 25 kwa sekunde. Kama inavyofundishwa.

Shata Mia
Basi ndiyo hapo. Ukungu wa mwendo umeshaingia ndani ya fremu yenyewe. Programu itairudisha fremu mahali pake, lakini ukungu haiufuti. Ndiyo maana unaona picha imetulia huku uso unapumua pumua. Na kuta kujikunja ni kwa sababu kihisi cha kamera nyingi za kawaida kinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Ukitikisa kabla hakijafika chini, mistari inapishana. Uliahidi kitu ambacho hukukijaribu.

Nusu Kioo
Nimesoma kimya kimya, sasa naomba niulize kitu kwa heshima zote.

Mimi vioo navijua. Niliwahi kuiga ule ujanja wa Jordan Cronenweth, mpigapicha wa filamu ya Blade Runner ya 1982, wa kuweka kioo kinachopitisha nusu ya mwanga mbele ya lenzi kwa nyuzi 45 na kukipigia mwanga hafifu ili macho ya wale watu bandia yawake. Kioo kinatesa. Ukisogea kidogo tu unajiona mwenyewe, unaona taa, unaona dari.

Sasa mleta mada anasema picha ni za mkononi, ana tochi pembeni ya lenzi, na bado bisibisi juu ya kioo "imetoka safi mno". Haiwezekani. Kwa kamera ya mkononi na tochi, kile kioo kingemwonyesha yeye, tochi yake na viatu vyake.

Hii ni chai, wakuu. Huyu hana filamu.

Miguu Mitatu
Na imekolea 😂😂

Nyota Kavu
Nilihisi. Huyu ana kazi ya darasani, ameitungia visa ili tumwandikie majibu. Angalieni anavyodondosha maelezo kidogo kidogo kama tamthilia.

Mzee wa Projekta
Hata kama ni ya kutunga, ya kioo ni kweli. Kioo cha chumba changu cha projekta kilikuwa kinanirudishia sura yangu mwenyewe kila nikiwasha taa. Miaka yote hiyo.

Kaa Kando
Mleta mada jitetee basi, kambi inataka kuvunjwa.

Taa Moja (mleta mada)
Sina cha kutunga. Nusu Kioo yuko sahihi, na nimeandika "karibu yote", sikuandika yote. Shoti ya bisibisi ilikuwa kwenye tripodi. Tuliipiga siku ya kwanza, tochi sijawasha, na nyuma ya kamera tulitundika kitambaa cheusi. Siku ya kwanza yote ilikuwa kwenye tripodi.

Dada Zumu
Na siku ya pili ikawaje?

Taa Moja (mleta mada)
Siku ya pili kile kibati kidogo kinachofungwa chini ya kamera ndipo ikae kwenye tripodi sikukiona. Nilitafuta kila mahali. Watu wameshavaa, wameshapakwa vumbi usoni, kila mtu ananisubiri mimi. Nikasema leo tunashika mkononi, ni mtindo. Nikaisema vizuri, wakapiga makofi. Siku ya tatu nikashindwa kurudi nyuma.

Kibati nilikikuta wiki iliyopita kwenye mfuko wa lenzi.

Miguu Mitatu
Naomba nifute zile emoji za kicheko. Jina langu lenyewe linanisuta.

Nusu Kioo
Naomba radhi. Hiyo mtu haitungi.

Nyota Kavu
Mimi nasimama pale pale. Mpango ungekuwepo, kungekuwa na kibati cha akiba.

Taa Moja (mleta mada)
Lakini mkuu, si watu wengi wametoka na mitindo kwa sababu ya kukosa? Mwongozaji Godard mwaka 1965, kwenye Alphaville, alipiga mji wa siku zijazo ndani ya Paris ileile, bila seti za ajabu, usiku na taa za majengo. Kwa nini yangu iwe dhambi?

Shata Mia
Kwa sababu yeye alijua anachokosa tangu asubuhi, na filamu ilikuwa yake. Wewe ulikosa kibati na ukampa mwenzako falsafa.

Dada Zumu
Shata, mwache apumue. Tuje kwenye kazi.

Seti bado ipo?

Taa Moja (mleta mada)
Imebaki ukuta wa dirisha, kiti cha rubani na kipande cha ukumbi. Nyingine imeshabomolewa. Rubani amenyoa nywele zote, hapigiki tena.

Dada Zumu
Inatosha, na rubani hatumhitaji. Fanya hivi.

Usiitulize filamu nzima. Tafuta pale injini inapozima, nadhani ni dakika ya nne au ya tano. Baada ya hapo acha mtikisiko ulivyo, chagua tu vipande ambavyo mkono unatafuta kitu, na vile vinavyotetemeka bila sababu uvitupe hata kama mwigizaji alilia vizuri. Kabla ya hapo tumia kila ulichopiga siku ya kwanza. Pakipungua, ndipo kibati chako kifanye kazi. Rudi kwenye seti, weka tripodi, piga kiti kitupu, dirisha, ukumbi mtupu. Lenzi pana, kutoka juu kwenye kona, sekunde 20 kila moja, bila mtu. Sauti zao zisikike kwa mbali juu ya picha hizo. Hicho ndicho chombo kinachotazama bila huruma alichokitaka yeye.

Mtazamaji akishakiona chumba kizima mara moja kwa utulivu, anajua mlango uko wapi na dirisha liko wapi. Hapo ukimtikisa hapotei. Kinachochosha ni kutikiswa mahali usipopajua.

Taa Moja (mleta mada)
Jicho la chombo si litakuwa kuiga? Ile kompyuta ya kwenye filamu ya Kubrick nayo ilikuwa inatazama kwa lenzi ya duara.

Shata Mia
Bisibisi umeiga bila kuuliza. Sasa hivi ndio umekuwa mwaminifu?

Nusu Kioo
Nyongeza kidogo. Zile za mtikisiko, zitazame fremu moja moja, utakuta zilizo kali kabisa zisizo na ukungu. Mwongozaji Chris Marker mwaka 1962, kwenye La Jetée, alisimulia safari ya kupita wakati kwa dakika 28 za picha mgando, kasoro sehemu moja fupi ambapo mwanamke anafumbua macho. Mgombano wenu mmoja ungeweza kwenda hivyo, kama kumbukumbu za chombo. Usifanye zaidi ya mara moja lakini.

Taa Moja (mleta mada)
Nitajaribu. Ila nilifikiri nimwonyeshe ikiwa tayari imekaa sawa, ndipo nimweleze mengine.

Dada Zumu
Yaani umwongezee uongo wa nne.

Mzee wa Projekta
Mwanangu, mwenye filamu akikaa gizani anajua. Nimewaona. Wanakaa kiti cha mwisho, na huwa hawaangalii skrini, wanaangalia watu.

Taa Moja (mleta mada)
Mrejesho. Nimemtumia faili zote usiku huu, na picha ya kibati. Maelezo sikuandika, nimeweka kibati tu juu ya meza.

Kaa Kando
Kasemaje?

Taa Moja (mleta mada)
Kafungua ya bisibisi kwanza. Kaniuliza kwa nini zote hazikutulia hivi. Halafu nadhani akaiona picha, maana alinyamaza muda mrefu. Sasa ameniuliza ukuta wa dirisha una urefu gani.

Dada Zumu
Mjibu. Toka humu jukwaani ukapime.

Miguu Mitatu
Na kibati ukifunge na kamba.

Kaa Kando
Nimeusoma uzi wote toka juu mpaka hapa. Zile siku tatu hiyo tripodi ilikuwa imekaa bure, je, mnaiuza?