Mrejesho: Watoto waliokuwa wanang'oa miche na kuua wadudu

Habari zenu wapendwa. Miezi miwili iliyopita niliomba ushauri: wanangu, wa miaka 4 na 6, walikuwa wanang'oa miche, wanakanyaga kila mdudu na kutupa taka popote. Nimerudi na mrejesho, na asanteni sana.

Uliyesema niache kuhubiri, nimpe kila mtoto mmea wake, ubarikiwe. Tulipanda maharage kwenye makopo. Siku ya 6 mche wa mdogo ulichomoza umejikunja, ganda la mbegu bado limeng'ang'ania juu. Alilala kifudifudi akiutazama, nikamwita mara tatu hasikii. Tangu hapo hajang'oa kitu. Wa mkubwa ulioza kwa maji mengi, maana kopo lake sikulitoboa chini (hilo kosa langu). Alilia sana. Tukatoboa, tukapanda upya.

Kuzika taka ndiko kulikoshinda maneno yangu yote. Tulifukia ganda la ndizi na mfuko wa plastiki, baada ya wiki 6 tukafukua. Ganda limebaki nyuzi nyeusi na mnyoo katikati. Mfuko uko vilevile, hata maandishi yanasomeka. Sasa mkubwa ndiye anayenikumbusha mimi kuokota taka.

Wadudu bado kazi ipo. Konokono wanawaacha, sisimizi wanaendelea kukanyagwa. Kile kioo cha kukuzia mlichoshauri nimekipata wiki hii tu. Jana walimfuata sisimizi mmoja aliyebeba chembe ya mkate mpaka akaingia shimoni kwake, mzima.