Darubini ya umma ikeshe na nyota moja, au ichungulie mia?

Mleta mada: Wakuu, muda wa darubini za angani zinazolipiwa na kodi ni mchache. Kwa nyota moto, nasema tukae na chache, siku nyingi mfululizo. Januari 1995 IUE, setilaiti iliyobeba darubini ya urujuanimno, ilikesha siku 16 na nyota tatu tu. Mojawapo ni Zeta Puppis, yenye joto la nyuzi kama 40,000 na upepo, yaani gesi inayopulizwa na nyota yenyewe, wa zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde (wa Jua ni kama 400). Kwenye mistari yake ya urujuanimno (alama ambazo gesi ya upepo huacha kwenye mwanga wa nyota) kilizuka kivuli cha ziada, kikasogea kuelekea upande wa gesi iendayo kasi zaidi huku kikikonda, kisha kingine nyuma yake, takriban kila saa 19. Ukiichungulia nusu saa ukaondoka, umeona nini?

Mchangiaji 1: Nimeona upepo, yatosha. Mawimbi hayabadilishi kina cha bahari. Anayetaka kujua nyota itaacha shimo jeusi la ukubwa gani anatafuta wastani wa tungamo linalopotea. Tena upepo huu husukumwa na mwanga unaogonga ayoni (atomi zenye chaji) za chuma na wenzake. Nyota yenye metali kidogo hupuliza kidogo. Hilo hulipati kwa nyota tatu! Ndiyo maana mradi wa ULLYSES wa darubini ya Hubble ulizifuata nyota nyingi hadi Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo jirani zenye metali kidogo.

Mleta mada: Wastani upi, ikiwa upepo una mabonge ya gesi? Mng'ao wa haidrojeni, unaotumika kukadiria tungamo hilo, hufuata mraba wa msongamano. Ibane gesi ileile kwenye sehemu ya kumi ya nafasi yake: tungamo halijaongezeka hata chembe, mng'ao umepanda mara kumi, nawe unaandika tungamo mara tatu ya ukweli.

Mchangiaji 2: Mkuu, umechanganya mambo. Kivuli cha saa 19 ni umbo kubwa. Mabonge ni madogo na mengi mno, hata ukikesha huyahesabu. Hayo yapimie mistari ya fosforasi, isiyofuata mraba. Halafu Hubble huzunguka Dunia kwa dakika kama 95, na karibu nusu yake Dunia imeziba nyota. IUE ilikuwa juu, obiti ya saa 24, ndiyo ikaweza kukesha. Ilizimwa 1996.

Mleta mada: La mabonge umenishika. Basi napunguza dai: katika kila nyota mia mnazochungulia, kumi zirudieni mara kadhaa ndani ya siku mbili. Mchangiaji 1, hilo nalo unalikataa?

Mchangiaji 1: Tano.