Naomba ushauri: dada yangu kaahidiwa "kurudishiwa" mwanawe kwa kloni

Habari zenu ndugu zangu. Dada yangu anaishi Uingereza. Mwaka jana alifiwa na mwanawe wa pekee, miaka sita. Amehifadhi nywele zake kidogo na jino la utotoni kwenye kopo la biskuti, halitoki kando ya kitanda. Sasa kuna dalali wa mtandaoni anamwambia kliniki fulani "ya nje" itatumia vitu hivyo kumzalishia mtoto yuleyule kwa kloni, yaani kwa kunakili vinasaba vyake, ila atangulize nusu ya malipo. Dada anataka kuuza kiwanja cha mama.

Nimemweleza ninayoyajua. Uingereza ilipiga marufuku kuzalisha watu kwa kloni tangu 2001. Anayempandikizia mwanamke kiinitete cha kloni anaweza kufungwa hadi miaka 10. Dolly, yule kondoo wa kloni, alizaliwa 1996 baada ya majaribio 277, ndiye pekee aliyefika. Madaktari wanahofia mimba kuharibika na vichanga wenye kasoro. Halafu nywele zilizokatwa hazina seli hai! Na hata ingewezekana, angezaliwa kama pacha aliyechelewa, mwenye tabia zake. Si yule.

Akanijibu, "Wewe una watoto wanne, utajuaje?" Nikanyamaza.

Kesho kutwa mama anatakiwa kusaini karatasi za kiwanja. Waliowahi kufiwa na mtoto, mlisaidiwa na maneno gani? Nimwambie mama akatae, au niongee kwanza na shemeji, ambaye naona hajui lolote? Na huyo dalali, dada akiwa kule, anaripotiwa polisi wa wapi?