Tairi gani kwa njia ya mawe na changarawe, Monduli kwenda Engaruka?

Mteremko_AR
Wakuu, habari zenu. Baiskeli ni ya inchi 29, rimu ina upana wa ndani mm 30, fremu inapokea tairi hadi upana wa inchi 2.5. Uzito wangu kilo 78. Tairi zilizopo ni 2.25 zenye meno mafupi. Kwenye kona za changarawe gurudumu la mbele linaponyoka, na la nyuma limechanwa ubavu na mawe ya volkano. Miiba ya migunga ndiyo usiseme. Niweke tairi gani, na upepo kiasi gani?

Spoki32
Mkuu, anza na mbele. Changarawe ikitanda juu ya udongo mgumu inabiringika kama gololi, kwa hiyo unataka meno marefu ya pembeni, yaliyoachana, yapenye hadi yashike udongo wa chini. Maxxis Minion DHF 2.5 au Schwalbe Magic Mary, raba laini. Ila DHF ina mfereji mpana kati ya meno ya katikati na ya pembeni. Ukilaza baiskeli nusunusu kwenye kona, unakanyagia mferejini na inateleza. Ilaze kwelikweli.

Nyuma raba laini itaisha upesi. Weka Minion DHR II 2.4 yenye ubavu mnene, aina ya EXO+ au DoubleDown. Ya pili ni nzito, utaisikia kwenye kupanda, lakini kwa mawe makali yale ningeichukua hiyo hiyo.

Kigongo_Mtb
Asiyezoea kulaza baiskeli aweke tairi ya Maxxis Assegai mbele. Ina meno yanayojaza ule mfereji, japo kwenye tambarare ni nzito kuisukuma.

FundiRimu
Upepo ndio wenye kazi kubwa hapa. Fanya tyublesi (tairi isiyo na tyubu ndani), na ununue geji ya kupima upepo; kubonyeza kwa kidole hakukuambii kitu. Kwa kilo zako anza na psi 22 mbele na 25 nyuma, kisha punguza moja moja. Tairi ikidundadunda juu ya mawe, upepo umezidi. Ukisikia rimu inagonga jiwe, au tairi inapepesuka kwenye kona, rudisha psi 2.

Dawa ya kuziba weka ml 120 kila tairi. Kwa joto la kule chini inakauka, ifungue uikague kila baada ya miezi miwili. Mwiba ukiingia, uchomoe, zungusha gurudumu tundu liwe chini, subiri dakika moja. Isipoziba, piga plagi, yaani kile kipande cha raba kinachosukumwa ndani ya tundu.

Ubavu uliochanika plagi haiushiki vizuri. Beba kipande cha tairi kuukuu ukiweke kwa ndani, pamoja na tyubu ya akiba. Kabla ya kuingiza tyubu, toa valvu ya tyublesi, halafu pitisha vidole taratibu ndani ya tairi nzima. Utakuta ncha za miiba iliyokuwa imezibwa na dawa bila wewe kujua. Ng'oa zote kwa koleo, hata moja ikibaki tyubu haifiki mbali.

Mteremko_AR
Shukrani sana wakuu. Na kama pesa inatosha tairi moja tu?

Spoki32
Nunua ya mbele. Nyuma ikiteleza unaweza kuirudisha, mbele ikiponyoka umeanguka. Ila kama ubavu wa nyuma nyuzi zimeshaonekana, hamishia huko ile ya mbele ya sasa, na uangalie mshale wa mzunguko unapoifunga.