Kibaraza kinanishinda, nianze na tailsi au maua?

Wadau habari za jioni. Nipo Sahare hapa Tanga, nyumba ina kibaraza cha mbele futi 12 kwa 9 hivi, sementi tupu na imeshaanza kumomonyoka, jua linakipiga chote kuanzia saa tisa mpaka magharibi na upepo wa bahari ndo usiseme, viti vya chuma nilivyonunua mwaka juzi vimeliwa na kutu mpaka ukiinuka nguo ina ramani. Nina laki nne tu. Fundi anasema niweke tailsi za kung'aa mengine yatajipa, mie moyo wangu upo kwenye maua. Naishi na mama, goti lake bovu na jioni ndo anapenda kukaa hapo. Nianze na nini jamani?

mtu_wa_pwani: Huyo fundi mwambie akaweke kwake. Tailsi za kung'aa zikipata mvua ni sabuni, na una mzee ndani. Chukua za rafu, au achana na tailsi kabisa, piga floo upya halafu ipitishiwe ufagio ikiwa mbichi ibaki na mikwaruzo. Na rangi isiwe nyeusi, saa tisa utakanyaga kikaango.

fundi mstaafu: Kabla hujanunua chochote mwaga ndoo ya maji uone yanakwenda wapi. Floo ya nje inatakiwa ishuke sentimita 1 mpaka 2 kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Watu wanabandika juu ya floo iliyolala, masika ikija maji yanasimama, yanapenya chini, ukigonga unasikia ko ko ko, baada ya hapo ni kuokota vipande.

mama mrehani: Shoga usikate tamaa na maua, hayana gharama. Ndoo za rangi za lita 20, toboa matundu chini na msumari wa moto, weka kokoto kidogo. Mchanga wa ufukweni USIWEKE una chumvi. Mimi nachanganya udongo, samadi iliyooza na makumbi ya nazi, ila makumbi yaloweke na kuyasuuza mara mbili tatu maana mengine yalifukiwa pwani. Upande wa jua weka bogenvilia na usiimwagilie kila siku, ikikaa na kiu kidogo ndo inachanua. Karibu na kiti cha mama weka mrehani, akipitisha mkono tu harufu hiyo. Visahani vya chini mwaga maji, mbu wa dengi wanazaliana humo.

kijana wa mjini: Weka afrikan violeti ni nzuri sanaa

mama mrehani: Kwa jua lile? Lile ua asili yake Usambara, Mjerumani Saint Paul-Illaire ndo alipeleka kwao mwaka 1892, limezoea vivuli na unyevu wa msituni. Kibarazani Sahare halimalizi wiki. Liweke dirishani ndani.

mtu_wa_pwani: Viti usinunue chuma tena. Ukipata msaji wa Muheza sawa ila kwa laki nne sahau, tafuta kitanda cha kamba za mkonge, mkonge si uko kwetu. Juu yake mto, basi.

Mwenye uzi: Asanteni jamani. Nimemwaga ndoo sasa hivi, maji yote yamekimbilia mlangoni yakaingia sebuleni 🤦🏾‍♀️ kumbe ndo maana mbao ya mlango inaoza chini na mimi nasingizia mchwa. Kwa hiyo floo kwanza, ya ufagio, tailsi basi. Ndoo za rangi ninazo tatu nyuma ya choo. Mama kasikia habari ya kitanda cha kamba, kasema cha marehemu bibi kipo Pangani juu ya dari, kimekatika kamba tu. Nani anamjua msukaji?

fundi mstaafu: Floo ikimwagwa usiruhusu mtu kukanyaga siku ile, na uinyweshe maji wiki nzima asubuhi na jioni. Msukaji nitakuulizia Ngamiani.