Dubu wa manyoya bandia anatanuka mashavu: tatizo ni kiolezo au kitambaa?

Mshonaji wa Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum, mafundi. Ninashona dubu wa kuchezea hapa Ngamiani, na kitambaa ninachokitumia ni manyoya bandia yanayouzwa kwa mita Kariakoo, yenye nywele za urefu wa milimita 15 hivi. Kiolezo ninachokifuata ni cha dubu wa viungo, yaani kichwa, mikono na miguu huzunguka, na maelezo yake yanasema kwamba kimechorwa kwa ajili ya moheri, yaani kitambaa cha manyoya ya mbuzi. Moheri haipatikani kwetu, na hata ikiagizwa nje, bei yake haiwezi kubebwa na mteja wa Tanga.

Shida iko kichwani. Vipande vikiwa mezani vinalingana kabisa na karatasi, lakini dubu akishajazwa mashavu yanatanuka, uso unakuwa mpana kuliko urefu wake, na tumbo nalo linavimba kwenda pembeni. Pia upande mmoja wa uso huonekana umekolea rangi kuliko wa pili, ingawa vyote viwili vimetoka kwenye kitambaa kimoja, na mishono inaonekana wazi kana kwamba manyoya yamenyolewa juu yake. Je, nipunguze kiolezo, nitafute kitambaa kingine, au ipo namna ya kukidhibiti hiki nilicho nacho? Wateja wangu wengi ni wazazi wa watoto wadogo, kwa hiyo ningeshukuru pia kuelezwa mnajaza nini na macho mnayafunga vipi.

Fundi wa Chumbageni

Waalaykumu salaam, dada. Kiolezo kiache kama kilivyo. Ukikipunguza utapata dubu mdogo mwenye mashavu yaleyale.

Chanzo ni mgongo wa kitambaa. Moheri ni manyoya ya mbuzi wa Angora yaliyofumwa juu ya kitambaa, kwa kawaida cha pamba, chenye nyuzi za wima na za mlalo zilizobanana, kwa hiyo ukikivuta hakikupi chochote. Manyoya bandia tunayoyapata sisi hufumwa kwa mashine ya vitanzi, namna ileile ya sweta au fulana, na nyuzi za akriliki au polista hunaswa ndani ya vile vitanzi zikabaki zimesimama upande wa juu. Kitambaa cha vitanzi huvutika, tena huvutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Manyoya kwa kawaida hulala kufuata urefu wa jora, nasi hukata vipande tukitaka yateremke kutoka shingoni kwenda miguuni, na hapo ule upande unaovutika sana unaangukia moja kwa moja mashavuni na kwenye mbavu. Ndiyo maana dubu wako hanenepi kwenda juu, ananenepa kwenda pembeni.

Violezo vya dubu wa viungo vina asili ya zamani. Richard Steiff alibuni dubu wa namna hiyo mwaka 1902 katika kiwanda cha familia yao kule Giengen, Ujerumani, na dubu hao walishonwa kwa moheri. Mchoraji anayefuata mkondo ule hupima vipande vyake akijua kwamba kitambaa kitakaa pale atakapokiweka. Chako hakikai, basi kazi yako ni kukilazimisha kikae.

Kabla ya kukata, geuza kitambaa mgongo juu, weka alama mbili za chaki zilizoachana sentimita 10 kwa upana, kisha vuta kwa nguvu ile utakayotumia kushindilia pamba. Alama zikifika sentimita 10 na nusu, unaweza kushona bila hofu. Zikifika 12, hicho ni kitambaa kitakachotanua mashavu ya dubu hata ukishona kwa ustadi wa namna gani, na dawa yake ni bitana. Mimi hutumia kanga kuukuu au marekani iliyokwisha kufuliwa. Kanga mpya ifuliwe kwanza itoe wanga na irudi kama ni ya kurudi. Ninakata kipande cha bitana kwa kiolezo kilekile, nyuzi zake zikienda sambamba na urefu wa kitambaa cha manyoya, ninakilaza mgongoni na kukipigia bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza, kuzunguka ukingo, ndani ya ile nafasi ya mshono. Tangu hapo ninashona vitambaa viwili kana kwamba ni kimoja. Kichwa na kiwiliwili ndivyo vinavyohitaji bitana zaidi. Masikio huwa siyatilii kabisa, kwa sababu yanakuwa manene na hayakunjiki vizuri.

Kuhusu rangi, ule si upungufu wa kitambaa. Manyoya yana mlalo, na nuru ikiyapiga kwa kufuata mlalo hurudi tofauti na ikiyapiga kwa kinyume. Papasa kitambaa kwa kiganja: upande unaoteleza ndio mlalo, upande unaokwaruza ndio kinyume chake. Chora mshale mgongoni kabla hujaweka karatasi yoyote, kisha kila kipande cha kiolezo nacho kiwe na mshale wake. Vipande vya jozi, kama pande mbili za kichwa, vichorwe kimoja kama kilivyo na cha pili karatasi ikiwa imepinduliwa, mishale yote ikielekea upande mmoja. Wanaokunja kitambaa mara mbili na kukata kwa mkupuo mmoja ndio wanaopata dubu wa rangi mbili, maana kitambaa kikikunjwa kwa kukatisha urefu, safu ya juu hulala huku na ya chini kule. Zile tofauti ndogo za mlalo mashavuni, ambapo nywele za upande mmoja zinaelekea sikioni na za mwingine zinaelekea kidevuni, huharibu sura kuliko hata mshono uliopinda.

Kata safu moja tu, mgongo ukiwa juu, kwa ncha ya mkasi mdogo mkali. Ncha ipite chini ya mgongo na kugawa nywele bila kuzikata. Ukikata kwa mkasi mkubwa wa kitambaa unazipunguza nywele zote za ukingoni, na hiyo ndiyo sababu mishono yako inaonekana imenyolewa.

Mshonaji wa Kaole, Bagamoyo

Fundi wa Chumbageni ameeleza vizuri sana, nami ninaongezea upande wa mshono wenyewe.

Vipande vikishakatwa, vitie ndani ya foronya, ifunge mdomo, uikung'ute kwa nguvu. Nywele zilizokatika zitabaki humo badala ya kuruka nyumba nzima. Vaa barakoa wakati wa kukata, kwa kuwa vumbi lile la akriliki si la kuvuta.

Unapounganisha vipande viwili, uso kwa uso, tumia sindano butu kuingiza nywele zote ndani, mbali na ukingo, huku ukibana kwa pini kila baada ya sentimita moja au mbili. Hatua hii inachosha, na ndiyo inayoamua iwapo mshono utaonekana. Kisha piga bandi. Manyoya mazito hutembea chini ya mguu wa cherehani, safu ya juu ikasukumwa mbele na ya chini ikabaki nyuma, na pini peke yake hazitoshi kuizuia. Kwenye cherehani yangu ya miguu ninatumia sindano namba 16, mshono wa milimita 3, na ninalegeza mgandamizo wa mguu. Mshono ufuate mlalo wa manyoya kila inapowezekana. Ukimaliza, fungua sehemu ya bobini uisafishe, kwa sababu nywele hujazana humo.

Anayeshona kwa mkono asijione yuko nyuma. Kichwa changu mimi hukishona kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, kwa uzi wa polista uliopakwa nta ya nyuki, kwa sababu kwenye pua kona ni ndogo mno kwa mashine. Ukishageuza kipande, pitisha ncha ya sindano juu ya mshono na uchomoe kila unywele ulionaswa, kisha sugua kwa mswaki mkavu. Mshono utafunikwa.

Kwenye bitana ninatofautiana naye kidogo. Mimi hubandika gamu nyembamba, kile kitambaa cha kuimarishia chenye gundi, kwa pasi mgongoni mwa kitambaa, na inazuia mvutiko vizuri bila kuongeza unene.

Fundi wa Chumbageni

Gamu inafanya kazi, sikatai, lakini mwenzetu hajatuambia anatumia pasi gani. Akriliki hulainika kwa joto ambalo pamba hailihisi, na nywele zilizolala chini ya uzito wa pasi hujikunja, zikakakamaa, wala hazirudi hata ukizichana. Mwenye pasi ya umeme inayopunguzwa hadi kiwango cha chini, na aliyejaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni akiwa ameweka kitambaa cha pamba katikati, anaweza kufanikiwa. Mwenye pasi ya mkaa asijaribu kabisa. Wengi wa mafundi ninaowafahamu mimi hapa Tanga bado wanapiga pasi ya mkaa, na ndiyo sababu nikataja kanga.

Mama wa Raskazone

Wanangu, nimefurahi kuona kazi hii inajadiliwa kwa makini namna hii. Mimi nitajibu lile la kujaza na la macho, kwa sababu mtoto atamlalia huyo dubu, atamtafuna na kumburura mchangani.

Pwani yetu ina msufi, na watu huuliza mara kwa mara kwa nini wasijaze sufi kama kwenye mito. Sufi ni nyepesi na uzi wake una nta ya asili inayokataa maji, lakini una mambo matatu. Hushika moto upesi. Hushindiliwa na kulegea, kwa hiyo shingo ya dubu itainama baada ya muda. Tena nyuzi zake ni fupi na laini mno, hupenya kwenye vitanzi vya mgongo wa manyoya bandia na kutokeza nje. Bitana ya kanga huzuia hilo la tatu tu. Singa za mkonge zinajaza kwa ugumu mzuri, ule ule wa dubu wa kale waliojazwa nyuzi za mbao, lakini zinachoma, na mimi ningeziacha kwa dubu wa kukaa kabatini. Kwa mtoto, jaza pamba ya polista. Haishiki unyevu, na hilo ni jambo kubwa hapa Tanga wakati wa masika, ambapo pamba ya kawaida iliyofungiwa ndani ya mdoli inaweza kuota ukungu huku nje dubu akionekana mkavu. Mzazi pia anaweza kumfua dubu huyo kwa maji ya baridi, akamkamua kwa taulo, akamchana manyoya yangali na unyevu, na kumwanika kivulini.

Macho ya plastiki yenye kikomeo cha nyuma hutiwa kabla ya kujaza. Tundu litobolewe kwa msharasi, lisikatwe kwa mkasi, kwa sababu vitanzi vikikatwa tundu huendelea kupanuka. Nyuma yake weka kipande kidogo cha ngozi au jinzi kabla ya kikomeo. Viwango vya usalama wa midoli vya Ulaya hutaka jicho kubwa kupita milimita 6 listahimili mvuto wa niutoni 90, karibu sawa na kuning'iniza kilo 9, na hilo unaweza kulijaribu mwenyewe kwa kamba na ndoo ya maji. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 mimi sitii jicho la plastiki hata likiwa imara. Nadarizi macho na pua kwa uzi. Kipimo kinachotumika kwa umri huo ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7: kitu chochote kinachoingia humo kizima kinaweza kumkaba mtoto, na hakuna jicho la dubu wa kawaida lisiloingia.

Viungo navyo viangaliwe. Kota pini, zile pini za miguu miwili zinazoshikilia viungo, zikiwa za chuma cha kawaida hushika kutu kwa hewa ya bahari, na kutu hupenya hadi kwenye manyoya meupe. Tafuta zisizoshika kutu, au shona mikono na miguu kwa uzi mnene unaopita upande hadi upande.

Mshonaji wa Ngamiani, Tanga

Shikamoo mama, na ahsanteni sana nyote. Nimepima kwa chaki kama nilivyoelekezwa, na sentimita 10 zimevutika hadi karibu 12, kwa hiyo bitana haikwepeki. Nina swali moja lililobaki. Pua ya dubu kwenye picha ina manyoya mafupi, ilhali kitambaa changu kina urefu mmoja. Je, nipunguze kabla ya kushona au baada?

Fundi wa Chumbageni

Baada, dada, na kichwa kikiwa kimeshindiliwa hadi kikawa kigumu, kwa sababu kabla ya hapo hujui pua itasimama wapi. Shika mkasi ukiwa umelala sambamba na kitambaa, punguza kidogo kidogo kuanzia ncha ya pua kurudi nyuma hadi kwenye pembe za ndani za macho, ukifanya upande huu kisha ule, na baada ya kila mzunguko mweke dubu mbali umtazame kwa mbele. Usishuke chini ya milimita 4. Manyoya ya bei yetu hayakubanana sana mgongoni, na ukizidi hapo vitanzi vyeupe vitaanza kuonekana, wala hakuna njia ya kuvifunika. Kwa hiyo ukienda tena Kariakoo, kabla ya kulipa, panua manyoya kwa vidole viwili utazame mgongo una rangi gani. Ukikuta umetiwa rangi ileile ya manyoya, chukua hicho, hata kama kimezidi bei kidogo.